Kuinyamazisha Mashine

Mara ya kwanza mume wangu alipoipiga teke kompyuta yangu, nilimwelewa. Alikuwa ametoka zamu ya usiku katika kiwanda cha misumari mjini Thika, mahali ambapo vyuma hukatwa na kugongwa vichwa hadi asubuhi, na wafanyakazi hutoka wakizungumza kwa kupayuka kwa sababu masikio yao bado yamebaki ndani. Aliniambia kwamba mvumo wa kompyuta ulikuwa sawasawa na ule uliomlia kichwani. Alipoweka kichwa kwenye mto, ulimfuata kupitia ukutani. Basi aliamka, akaivuka sebule yetu ya mtaa wa Ngoingwa akiwa na suruali ya kulalia, akalipiga kasha teke hadi likabonyea ubavuni.

Mara ya pili alinipiga mimi.

"Mwalimu," alisema, kwa maana nilisomea ualimu na neno hilo alikuwa amelifanya tusi, "nakesha na mashine za watu, nikirudi kwangu nawekewa posho mili ya kusaga mahindi?"

Pete yake ya ndoa ilinipasua mdomo wa juu. Nilisimama kwenye sinki nikitema damu, na nakumbuka wazi kwamba nilichokuwa nikikiwaza ni feni za kompyuta.

Kompyuta hiyo nilikuwa nimeiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kutoka maduka ya vifaa vilivyotumika. Nilihariri vitabu vya shule nyumbani, na kazi hiyo sikuwa na budi kuifanya mchana, wakati yeye akilala upande wa pili wa ukuta. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: mashine ikisikika chumbani, naumia. Nililipokea jambo hilo kama mtu anavyopokea swali la hesabu. Kelele ni kitu kinachoweza kupunguzwa. Ina chanzo, ina njia inayopitia, na njia hiyo inaweza kuzibwa. Mume hana skrubu.

Nilianza na diski kuu. Ilikuwa ya zamani, yenye sahani zinazozunguka ndani, na ilisaga kama mtu anayetafuna mchanga. Nilipoweka kiganja juu ya kasha niligundua kwamba sauti haikupita hewani tu. Diski ilikazwa kwenye bati la kasha, kasha likakaa mezani, meza ikagusa ukuta, na ukuta ndio uliobeba kichwa cha kitanda chetu. Mtetemo ulisafiri kutoka chuma hadi mbao, hadi jiwe, hadi kwenye fuvu la mume wangu. Nikafungua skrubu zote. Nikakata tyubu kuukuu ya pikipiki, mpira ule ule ambao watu wa boda boda hufungia mizigo, nikavuta vipande vyake kutoka ukingo hadi ukingo wa kasha, na diski nikaining'iniza katikati, isiguse chuma popote. Ilibembea kama mtoto mgongoni. Ule msago ukafa.

Kisha feni. Vumbi jekundu la Thika lilikuwa limeganda kwenye mapanga yake kama ugali kwenye sufuria iliyosahauliwa. Niliyasugua kwa mswaki, nikatia tone la mafuta ya cherehani pale katikati panapozunguka, nikabadilisha waya ili feni ya nyuma ipate umeme mdogo na kwenda polepole. Nilikata sponji ya godoro nikaiweka chini ya kasha. Meza nikaivuta mbali na ukuta.

"Sasa unaweza kuishi na watu," mume wangu alisema alipoamka akiwa amelala vizuri.

Nilifurahi. Naliandika neno hilo nikijua uzito wake.

Alinipiga tena kwa sababu chai ilikuwa imepoa, na tena kwa sababu nilikawia kumfungulia mlango. Kila mara nilirudi kwenye kasha, nikatega sikio, nikatafuta kilichobaki.

Mama yake alikuja kutoka Ngoliba baada ya kuvuna mbaazi, ili atibiwe macho mjini. Nilimwita Maitu, mama, kama alivyomwita mwanawe. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini vidole vyake havikutulia: alifuma vitambaa. Nyumbani kwangu, kama katika nyumba nyingi za kwetu, kila kitu kilikuwa kimevishwa, makochi, televisheni, redio, hata jagi la maji. Siku ya kwanza aliutazama uso wangu, akautazama tena, halafu akaielekeza sindano yake ya kufumia kwenye kasha.

"Hii ndiyo humwamsha?"

"Ndiyo, Maitu. Lakini nimeipunguza."

"Bado naisikia."

"Maitu, wewe unasikia hata mchwa wakila."

"Nilifundishwa," alisema, akaendelea kufuma.

Sikumuuliza alifundishwa na nani. Alikuwa akifuma kitu kizito, kwa uzi wa sufu, bila yale maua yenye matundu aliyozoea kuyaweka. Nilidhani ni sweta la mtu.

Asubuhi moja niliiacha kompyuta ikigeuza kurasa za kitabu kizima kuwa faili moja la kumpelekea mchapishaji, kazi nzito iliyoitia joto, nikashuka dukani kununua maziwa. Mume wangu alikuwa amelala. Maitu akanyanyuka. Alikivuta kile alichokifuma juu ya kasha hadi chini, kikalibana kama kofia ya baridi, kisha akalizungushia blanketi. Alitaka kunikinga. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mashine hiyo hupumua.

Niliisikia nikiwa bado kwenye ngazi. Feni moja, ile inayopoza moyo wenyewe wa kompyuta, sikuwahi kuipunguzia umeme. Sasa ilikuwa imekosa hewa na ilizunguka kwa nguvu zake zote, ikipiga mayowe. Nilikimbia. Nilipofungua mlango, mume wangu alikuwa tayari sebuleni, ameshika nyundo ya kupondea makaa.

Nyundo ilishuka juu ya blanketi, na chini yake bati likakunjamana. Pigo la pili lilipasua skrini. Nilimdaka mkono, akanirusha ukutani, nikasikia meno yangu yakigongana. Maitu akaingia kati yetu.

"Ni mimi nimeifunika. Nipige mimi."

"Maitu, toka hapo! Huyu ananiua na kelele."

"Baba yako alisema ni sufuria." Hakupaza sauti. "Nikafunga vifuniko na vitambaa, zikanyamaza. Akasema ni mlango. Nikapaka bawaba mafuta ya kupikia. Akasema ni wewe, unalia sana. Nikakuziba mdomo na hii mkono, wewe ukiwa mtoto mchanga. Ukanyamaza. Na bado alinipiga."

"Usiniletee mambo ya huyo mzee!"

Alimsukuma. Sijui kama alikusudia aanguke. Maitu aliangukia ukingo wa meza kwa mkono ule ule aliokuwa ameuinua kumwonyesha, na mfupa ulivunjika kwa sauti kavu, kama kuni. Nyundo ikamponyoka mume wangu. Kisha akanigeukia, kwanza kwa ngumi, na nilipoanguka, kwa mguu. Nilijikunja sakafuni na kukilinda kichwa.

Nikiwa hapo chini nilisikia feni zikilegea. Joto lilikuwa limeishinda mashine ikajizima yenyewe, kama zinavyofanya ili zisiungue. Mapanga yalizunguka kidogo bila nguvu, yakasimama. Hapakuwa tena na mvumo, wala msago, wala mtetemo ukutani. Ulikuwa ndio ukimya kamili niliokuwa nimeutafuta kwa bisibisi, kwa mafuta na kwa mipira. Na katika ukimya huo aliendelea kunipiga. Nilisikia vizuri kila pigo.

Aliyeuvunja ni Maitu. Alijikokota hadi dirishani, mkono ukining'inia, akalifungua, akapiga nduru. Hakikuwa kilio cha maumivu. Ilikuwa ile nduru ya zamani ya Wakikuyu, inayopigwa watu wakivamiwa, ambayo kila anayeisikia hana budi kuiitikia na kuja mbio. "Uuuui! Uuuui!" Dirisha la juu likaitikia, kisha la ng'ambo, kisha wanawake wa kibanda cha mboga kule chini. Ngazi zikanguruma kwa miguu. Mume wangu aliniacha, akasimama katikati ya sebule akiwa ameziba masikio.

"Kuna nini hapa, shosho?" jirani wa mlango wa pili aliuliza, rungu mkononi.

"Ni kijana yangu," Maitu alisema. "Amenivunja mkono, na anaua bibi yake. Mshikeni."

Katika kituo cha polisi Maitu alitia alama ya kidole gumba cha kushoto chini ya maelezo yake, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umefungwa plasta. Alipoulizwa kama ana hakika anataka kumshtaki mtoto wake wa kumzaa, alimwambia afisa amsomee tena yale maelezo, kwa sauti.

Sasa naishi Ruiru. Lile kasha halikufaa tena, lakini diski ilipona: nyundo ilipolipiga bati, yenyewe ilibembea tu kwenye mipira yake. Vitabu vyote vilikuwemo. Nilipata kasha jingine, nikaikaza diski humo kwa skrubu zake zote, chuma kwa chuma, na meza nikaisukuma hadi ukutani. Inasaga mchanga wake kutwa nzima.

Maitu huja kunitembelea na kukaa siku kadhaa. Kifundo chake cha mkono hakikuunga vizuri, hafumi tena kama zamani, na macho yake yamezidi kufifia. Hulala upande wa pili wa ukuta. Asubuhi nikibonyeza kitufe, nasikia kitanda chake kikilia akigeuka.

"Umewasha?"

"Nimewasha, Maitu. Niipunguze?"

"Wacha tu. Nikiisikia, najua uko."