Tairi za Safari ya Mama

Mama alivunjika nyonga kisimani. Ilipounga, daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti moja: asitikiswe. Ni sharti gumu kwa mtu anayeishi Kamina na anayetaka kwenda Kabondo-Dianda, kwa barabara ile ya mashimo. Dada yake mkubwa alikuwa huko, mgonjwa, na wote wawili waliogopa kwamba wakichelewa hawataonana tena. Treni ingetufikisha, lakini ngazi za behewa ziko juu. Mama, mjane wa mtu wa reli, aliyezipanda maisha yake yote, alizitazama siku moja pale stesheni akageuka akarudi nyumbani. Likabaki gari langu dogo.

Gari hilo nalitumia kubebea majora ya vitambaa, maana kazi yangu ni ushonaji. Tairi zake zilikuwa zimeisha, na janti, yaani vile vyuma vinavyovalishwa tairi, zilikuwa zimepinda. Mdogo wangu wa Lubumbashi akatutumia janti nne za aluminiamu, zinang'aa kama sufuria mpya. "Ni zawadi ya mama," alisema kwenye simu. Matundu ya boliti yalilingana na ya gari langu. Tofauti ilikuwa moja tu: za zamani zilikuwa za inchi kumi na tano, hizi za kumi na sita.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, akajitolea kutafuta tairi. Kabla hajastaafu reli, kazi yake ilikuwa kutembea kando ya treni na nyundo, akigonga kila gurudumu na kusikiliza kama lina ufa. Aligonga janti zetu moja moja, sikio karibu. "Zinaimba muzuri," akatangaza. Kisha akasoma ubavuni mwa tairi ya zamani: 195/65 R15. Akaenda Base, kwenye kambi ya jeshi, kwa mke wa mwanajeshi anayeuza tairi hapo, akarudi na 205/65 R16. Ile 65 hakutaka iguswe.

"Hii njo unene ya mupira," alinieleza, akimwonyesha mama, shemeji yake. "Nyonga ya shemeki inataka mupira munene."

Alizifunga mwenyewe, akapima nafasi kati ya tairi na bati: vidole vilipita bila shida. Tukampakia mama nyuma, juu ya mito, na mfuko wa unga kando yake. Hatukufika mbali. Kwenye kona ya kwanza baada ya stesheni nilikunja usukani, na kitu kikakwaruza chini yetu kwa sauti ya kutisha.

"Simama!" mama akasema. "Gari iko inajikula."

"Ni mawe, shemeki," baba mdogo akajibu.

"Mawe gani inanuka mupira? Nyonga njo ilivunjika, si pua."

Tukarudi nyumbani taratibu. Mama alivua kile kitambaa cha kichwa alichokuwa amekifunga kwa ajili ya safari, akakikunja, akakiweka magotini. Sikuweza kukitazama.

Siku hiyohiyo tulikwenda Base, safari hii na gurudumu moja la zamani nyuma. Yule mama wa tairi alituona tungali mbali.

"Papa, umerudi! Si nilikuambia ulete gurudumu ya zamani? Ukasema weye unajua magurudumu mbele ya miye nizaliwe."

"Na ninajua. Nilipima."

"Ulipima na bantu ndani ya gari?"

"Hapana."

"Ulikunja usukani?"

Mabega ya baba mdogo yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akaegemea gari. "Maman, kwenye reli gurudumu haikunjake. Reli njo inakunja, gurudumu inafuata tu!"

Nasi tukacheka, maana alisema kweli. Gurudumu la treni ukilipima limesimama, umelimaliza. Tairi ya gari unaipima watu wakiwa wameketi ndani, na usukani umekunjwa mpaka mwisho, kushoto na kulia.

Yule mama akasimamisha gurudumu la zamani na jipya bega kwa bega juu ya sementi, akalaza ubao juu yake. Ubao ukainama. "Munaona? Ubao ikilala sawa, njo mupira yenu."

Alichotufundisha hapo nimekieleza kwa wengi tangu siku hiyo, na si kigumu. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya mwisho ni inchi za janti. Ile ya katikati ni kimo cha ubavu wa mpira, lakini kinahesabiwa kama asilimia ya upana. Kwa hiyo 65 ya tairi pana zaidi ni ubavu mrefu zaidi, na sisi tulikuwa tumeongeza chuma na mpira kwa pamoja. Chuma kikikua, mpira upungue, ili kimo chote kibaki kile kile. Ni kama sketi, nilimwambia baba mdogo: ukiweka mkanda mpana kiunoni, unapunguza chini, la sivyo inaburura.

"Basi tupunguze," akasema mara moja.

Ikaletwa 205/55 R16. Ubao ukalala, tukazifunga zote nne. Wauza samaki wa jirani wakaingia garini kutusaidia kuwa mzigo, wakicheka, nami nikakunja usukani pande zote mbili. Hakuna kilichogusa. Lakini ubavu sasa ulikuwa mfupi kuliko wa zamani, karibu upana wa kidole, na baba mdogo aliuona.

"Na nyonga ya shemeki?"

Hakuna aliyetania. "Upepo uweke vile imeandikwa pale kwenye mulango," yule mama akasema kwa upole. "Usijaze kama ngoma. Na kwenye mashimo, pole pole. Mupira haiwezi kufanya yote, papa." Akazipokea zile tairi za kwanza, zenye mikwaruzo mabegani, bila kudai chochote. Namshukuru hadi leo.

"Yenye kubakia nitafanya miye," baba mdogo akajibu.

Asubuhi ya safari aliniomba kipande cha kitambaa cha kijani. Kila tulipofika penye mashimo alishuka, akatangulia kwa miguu, akapima madimbwi kwa fimbo, akachagua njia, kisha akainua kitambaa juu, kama bendera ya reli inayoruhusu treni kupita. Nami nikamfuata kwa mwendo wake.

"Papa, treni iko wapi?" mwenye baiskeli ya makaa alimuuliza.

"Iko nyuma yangu. Toka kwenye reli!"

Kwenye kioo nilimwona mama, kitambaa chake kichwani, mdomo wazi, amelala.

Aliamka nilipozima injini. "Mbona munasimama? Shimo ingine?"

"Tumefika, mama."

Alipapasa nyonga yake polepole, kama anayesikiliza. Kisha akashika bega langu, akashusha mguu mmoja, halafu wa pili. Kutoka ndani ya nyumba sauti dhaifu iliuliza kwa Kiluba ni nani amekuja. Mama alitembea kuifuata sauti ile ya dada yake, na baba mdogo, nyuma yake, alikuwa bado ameinua kitambaa cha kijani.