Swali Ambalo Bibi Hakuuliza

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na tano asubuhi, Jumamosi, nilipofungua kabati la vitabu la kanisa letu la zamani pale Igogo, kando ya ziwa, na kukuta limesafishwa. Naitaja saa kwa sababu niliitazama. Nilikuwa nimetoka Misungwi kwa gari la kwanza, nikiwa na karatasi moja ndogo ndani ya pochi, na nilitaka kukumbuka dakika nitakayoiweka mahali pake.

Vitabu vilipangwa kwa urefu, kama wanafunzi mstarini. Nikatoa cha kwanza, nikakikung'uta. Hakikudondosha kitu. Cha pili, cha tatu. Nilivikung'uta vyote arobaini na kimoja, na hapakuanguka hata karatasi moja.

Ngoja nikueleze karatasi hizo, maana kama hukukulia pale utadhani ninalilia takataka. Ndivyo katibu wa sasa alivyodhani.

Nilipokuwa na miaka kumi, chumba cha kabati lile kilinuka mafuta ya taa na mbao mpya. Mwinjilisti wetu, mtu mrefu aliyevaa koti lile lile kiangazi na masika, alikuwa amekusanya vitabu kutoka kila mahali alipopita. Havikuwa vitabu vya watoto. Vilikuwa vya watu waliohangaika: mlevi aliyejaribu kuacha mara saba, mjane aliyegombana na Mungu mwaka mzima, mfungwa aliyejifunza kusamehe polepole na kwa shingo upande. Kanuni ya mwinjilisti ilikuwa moja. Hakupokea kitabu ulichoazima mpaka uwe umeacha ndani yake kikaratasi chenye swali ambalo kitabu kimekuachia. Jina huweki. Atakayekiazima baada yako, akiwa na neno la kukujibu, anageuza karatasi na kuandika nyuma. Ukimwambia huna swali, anakurudishia kitabu. "Kasome tena," anasema, na kurudi kwenye kazi yake.

Mimi shule niliishia darasa la saba. Kushona sare, kazi ninayofanya hadi leo, nilifundishwa na fundi. Kufikiri nilifundishwa na karatasi zile. Nakumbuka moja iliyosema: "Mume wangu anasali kuliko mimi, na akitoka kusali ananipiga. Nimsikilize nani?" Nyuma yake, kwa mwandiko mwingine: "Njoo kwangu. Nyumba yenye bati jekundu. Ingilia mlango wa nyuma." Hakuna mahubiri niliyowahi kusikia yenye imani zaidi ya mistari hiyo miwili, na mahubiri nimesikia mengi.

Bibi yangu hakujua kusoma. Alikuwa anaanika dagaa ufukweni, na mchana nikitoka shule nilikaa juu ya jiwe nikamsomea. Yeye aligeuza dagaa kwa ufagio, korongo wakizunguka na kugonganisha midomo yao mikubwa, wakisubiri tusahau. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa tena, na karanga za kukaanga. Nasoma Kiswahili, nikifika penye neno gumu nalieleza kwa Kisukuma. Bibi alikuwa msikilizaji mkali. Kitabu kikimkera, ufagio ulienda haraka.

Mwanawe wa mwisho, mjomba wangu, aliugua kifua kikuu. Hospitali walimpa vidonge vya kumeza kwa miezi mingi. Mwezi wa tatu wa dawa akaanza kunenepa, akarudi kubeba mizigo. Ndipo siku moja, kwenye maombi, mzee mmoja wa kanisa akamwekea mikono kichwani, akamtangazia kwamba amepona na kwamba kuendelea na vidonge ni kumwita Mungu mwongo. Mjomba akavitupa ziwani siku hiyo hiyo, akirudi nyumbani anaimba. Kabla ya mvua za vuli tulikuwa tumemzika.

Mzee yule hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ninapokwama hadi leo. Alikuwa na duka. Daftari langu na penseli yangu alinipa yeye bure, kwa sababu alisikia napenda kusoma. Nikimwamkia, "Shikamoo," aliitikia, "Marahaba, mwalimu wangu," na kunipa pipi. Lakini kwenye msiba wa mjomba hakutokea. Watu walikaa na bibi mkekani siku zote za matanga. Yeye hakuja hata siku moja.

Miezi michache baadaye nilileta kitabu cha mama mmoja ambaye mwanawe mgonjwa aliombewa akapona. Ufagio ulisimama.

"Huyo wake kapona?"

"Ndiyo, bibi."

"Soma tena hapo anapopona."

Nikasoma tena. Akaweka ufagio chini, akajifuta mikono kwenye kanga. "Haya. Chukua karatasi, leo na mimi nina swali."

Akalisema kwa Kisukuma, taratibu, neno moja moja: "Wewe uliyemwambia mwanangu atupe dawa, mbona mpaka leo hujaja kukaa nami mkekani?"

Nilikuwa nimeshika penseli aliyonipa mzee yule. Nilijua kwamba na yeye huazima vitabu. Nilijua anaufahamu mwandiko wangu, maana aliwahi kuusifia mbele ya wateja. Nikaandika, kwa Kiswahili safi cha shule: "Kwa nini wagonjwa wengine huombewa na hawaponi?"

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Kama nilivyosema?"

"Kama ulivyosema, bibi."

Baada ya wiki tatu kitabu kilirudi kabatini, na nyuma ya karatasi kulikuwa na jibu, kwa kalamu ya wino: "Kwa sababu ya imani haba." Mwandiko huo sikuujua. Siku hiyo, kati ya siku zote, niliamua kuwa mkweli. Nilimsomea bibi jibu lile kama lilivyo, kisha nikairudisha karatasi kitabuni kama kanuni ilivyotaka.

"Hilo ndilo jibu lake?" akauliza.

"Ndilo."

"Imani haba. Mwanangu aliyetupa dawa kwa imani." Akachukua ufagio. Hakuniambia tena nimsomee kitabu, si siku ile wala nyingine yoyote. Mwaka uliofuata tulihamia Misungwi, na huko alifariki, akiamini kwamba aliuliza na akajibiwa.

Kwa hiyo unaelewa nilichokuwa nacho ndani ya pochi. Nilikuwa nimechelewa miaka arobaini, lakini niliandika swali lake kama alivyolisema, kwa Kisukuma, na chini yake kwa Kiswahili. Nilitaka kutoa karatasi yangu ya uongo na kuweka yake. Hakuna zaidi. Mzee yule amekwisha kufa, mwinjilisti naye, na sikutegemea jibu. Nilitaka tu liwepo limeulizwa.

Katibu alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya vitabu. Kijana mwenye adabu, shati limenyooshwa vizuri. "Shikamoo, mama. Kuna kitabu unatafuta?"

"Marahaba. Karatasi zilizokuwa humu ziko wapi?"

"Ah, zile? Tulizitoa, mama. Uchafu mtupu, panya walishaanza kufurahia." Akacheka. "Halafu vitabu vyote tumevipiga picha. Nipe namba yako nikutumie kwenye simu sasa hivi."

"Vitabu naweza kununua popote. Nauliza karatasi."

"Mama, wewe hukuzisoma. Zilikuwa na mambo ya vyumbani mwa watu, manung'uniko, wengine wanamtukana Mungu waziwazi. Yote hayo kanisani?"

"Ulitaka wayapeleke wapi?"

Alitazama simu yake. Na mimi, ambaye nimezoea kupima mara mbili kabla ya kukata, nilisema maneno ambayo sikuyapima, kwa sauti iliyomfanya mama anayefagia uwanja aje mlangoni. Nilimwambia wamehifadhi maganda wakatupa karanga. Nilimwambia wasomaji wote wale walileta pale kitu ambacho hawakuweza kukisema nyumbani, na yeye amekiona sawa na kinyesi cha panya. Sijutii hata neno moja.

Mama wa ufagio alinisindikiza hadi barabarani. Ndiye aliyezichoma, akaniambia, nyuma ya choo, na hakupenda kazi ile. "Nilikuwa nazisoma kidogo kidogo kabla ya kuzitia motoni. Kuna moja niliiweka pembeni, katibu akaiona, akasema zote. Mbele mwandiko wa kitoto, wa penseli. Nyuma imejaa hadi pembeni. Juu kuna maneno machache ya wino, chini yake mtu mwingine kaandika sana, kwa mkono unaotetemeka. Anamwomba mama mmoja msamaha kwa habari ya vidonge. Anasema alifika hadi mlangoni kwake mara mbili, siku za msiba, akarudi."

Nilimuuliza kama aliona jina. Hakuna aliyekuwa anaweka jina, alisema, kana kwamba mimi sijui.

Ushahidi sina. Nina maneno ya mama mmoja na majivu nyuma ya choo. Labda jibu lilikaa pale kabatini miaka yote bibi alipokuwa hai, umbali wa safari moja ya gari, na mimi sikwenda kulichukua. Hilo ni langu, nitalibeba. Lakini la kulichoma halikuwa langu. Swali la kweli bado limo ndani ya pochi yangu, kwa sababu sasa halina mahali pa kuwekwa.

Kabla sijampandishia sauti, katibu alikuwa amenieleza kwa fahari kwamba waliajiri vijana wawili na yule mama, wakamaliza kwa siku mbili, na kwamba kazi nzima ya kusafisha, pamoja na soda na kiberiti, iligharimu shilingi elfu kumi na nane na mia tano.