Shafti ya Pampu Kutoka Diff

Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi wa kupima vyuma katika karakana moja Garissa, na nilikuwa nimechoka. Joto lilinichosha, vumbi likanichosha, na zaidi walinichosha watu wanaotaka jibu kabla hujashika msumeno.

Wazee wa Diff, kijiji cha wafugaji upande wa Wajir, waliniletea shafti ya pampu ya kisima, kile chuma kirefu kinachoizungusha pampu, imekatika vipande viwili. Pamoja nao alikuja mwendesha mashine, mzee mwembamba, kimya. Walidai ameivunja yeye kwa kuikimbiza mashine kupita kiasi. Shafti nyingine ilikuwa imeshafungwa, lakini walikata shauri kwamba mpaka ukweli ujulikane, ng'ombe wake hawanywi pale. Na kiangazi kilikuwa kikali.

Kwa macho, chuma ni chuma. Nikakata kipande karibu na palipovunjika, nikakisugua kwa msasa hadi kikang'aa na mkono ukafa ganzi, nikakipaka asidi kidogo ili punje zake, zile chembe zinazounda chuma, zijitokeze. Kisha nikakisuuza kwa maji ya pipa. Maji yetu yalikuwa ya kisima, chumvi tupu, na kabla sijafika kwenye hadubini kipande kimeshika kutu. Lo! Kazi ya kutwa, bure bilashi.

Kesho yake nikaanza upya, nikasuuza kwa spiriti. Mbali na mvunjiko niliona punje nyeupe na nyeusi zimechanganyika, chuma cha kawaida. Penye mvunjiko zilikuwa kama sindano. Chuma huwa hivyo kikipata moto mkali kisha kikapoa ghafla: kigumu, lakini hukatika kama kijiti kikavu. Kumbe shafti ilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa moto wa kulehemu, vikachongwa, vikapakwa rangi, vikauzwa kama kitu kipya. Hata ingeendeshwa na malaika, ingekatika tu.

Nikawaita wazee, wakainama kwenye hadubini mmoja mmoja, nikiwaeleza. Wakasema basi, ng'ombe wake warudi kisimani. Nilifurahi, sitaficha. Nikamwambia mwendesha mashine, nikimwita ami kwa Kisomali, "Adeer, huna kosa."

Hakutabasamu.

"Siku ya kwanza niliapa kwa Mungu sikuvunja," akasema. "Kwetu mtu akiapa, maneno yameisha. Hawa ni ndugu zangu. Wamekataa kiapo, wamekubali chuma."

Wazee walikuwa wamesimama palepale, wanasikia. Hakuna aliyemtazama usoni.