Chapa ya Tarlochan na Uso wa Filomena

"Mfaransa mmoja amepewa neno zima la Waitaliano," Tarlochan alilalamika, "na mimi niliyepiga picha nusu ya Kisumu, nani ananitaja?"

"Weka hicho kitambaa chini kwanza," Kerubo akamwambia.

Mwaka ulikuwa wa sabini na tatu. Tarlochan alikuwa amefunga studio yake Kisumu akaja Uingereza kukaza boliti kiwanda cha magari cha Longbridge, ila kamera yake ilikaa chumba cha mbele cha nyumba yake, Erdington, kama mgeni wa heshima. Kerubo, nesi, alimletea picha kongwe ya Sinyora Pia, Mwitaliano aliyempangisha chumba, ainakili kabla ajuza huyo hajarudi kwao. Ilikuwa bamba la fedha lisilo na kioo, kilishavunjika zamani, na juu yake alikuwa Filomena, bibi yake Pia. Sura yake nyingine haikuwepo popote.

Pia alikuwa amemfafanulia Kerubo kwamba picha hiyo huitwa dagherrotipo. Mwanzo wa neno hilo ni Daguerre, Mfaransa aliyeianzisha, jina lake likatamkwa Kiitaliano. Tipo imetoka kwa Wagiriki, ni alama iliyogongwa, chapa. Akamwonya pia isiguswe.

Tarlochan alishika la chapa tu. Chapa haifutiki, alisema. Miaka yote aligonga muhuri wa studio nyuma ya picha za watu, na haukufutika hata mmoja. Huu ukungu juu ya bamba ni uchafu, na uchafu yeye huutoa kwa kitambaa cha ngozi. Kerubo akamkamata mkono. Mzee akajichomoa, akapangusa pembeni, mara moja.

Pindo la shali ya Filomena likatoweka. Pakang'aa kama kijiko.

"Je, kama ungeanzia usoni?" Kerubo aliuliza polepole.

Mzee akaweka kitambaa chini. Alilishika bamba kingoni, akalinakili kwa kamera dirishani huku akihema, kisha akaenda na Kerubo kwa Pia, akakiri mwenyewe. Ajuza alilielekeza kwenye mwanga. Shali anayo bado sandukuni, akasema. Asichokuwa nacho kwingine ni uso. Ila nyuma ya nakala hataki muhuri wa fundi. Jina la Mfaransa linatosha. Tarlochan akaandika: Filomena.

Waliporudi, alifungua droo akatoa picha ya Kerubo, ile aliyomzungusha nayo tangu Krismasi, kesho sista, kesho sista. Muhuri ulikuwa palepale mezani. Akachukua kalamu.

"Jina lako kamili, sista?"

Kerubo akamtajia, naye akaliandika lote nyuma ya picha.