Magari Yasiyo na Ndugu

Ndugu yangu wa tumbo moja anauza magari yasiyo na ndugu. Ndivyo alivyofundishwa kusema, na ndivyo anavyosema, amevaa suti ya kijivu na soksi zilizofanana na tai. Sisi wa upande wa kushoto tunamwita Zulia, maana tangu avuke kwenda kulia hakanyagi sakafu kabla ya kuiangalia.

Jengo letu ni moja, la vioo, mali ya tajiri mmoja, ila lina milango miwili. Wa kushoto unaingia kwetu: vigae, viti vya plastiki, maji ya kunywa ambayo vikombe vyake huisha mapema, na magari ya watu wanaoamka kwenda kazini. Wa kulia unaingia kwao: zulia, makochi, maji yenye kipande cha limau, na harufu ya ngozi inayopulizwa kutoka kwenye kopo kila asubuhi. Katikati kuna ukuta. Nyuma ya jengo hakuna kushoto wala kulia, kuna gereji moja na mafundi wale wale. Kiwanda kilichoyatengeneza magari nacho ni kimoja. Injini ile ile, gia ile ile, swichi za vioo zile zile. Ukilala uvunguni hutajua uko chini ya tajiri au chini ya mwalimu wa shule.

Sitaki hasira zinifanye mwongo. Tofauti zipo. Nimekaa ndani ya gari lao nikaona: kioo ni kinene zaidi, mlango una mpira wa ziada, rangi imepigwa kwa moyo, kiti kinajua mgongo wa binadamu. Ukifunga mlango, dunia inanyamaza. Muuza magazeti anapita nje anapanua mdomo na wewe husikii kitu. Basi hicho ndicho wanachonunua, kutosikia. Kilichobaki ni nembo, na nembo ni kitu cha kubandika.

Zulia ni kitindamimba wetu. Mama alimlea kwa kufua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikapinda, na kila nilichonyimwa mimi yeye alipewa, maana alikuwa mdogo na alikuwa mzuri wa kulia. Shule ilimshinda lakini ulimi ulimfaa. Aliuza viatu vya mitumba barabarani, na aliwahi kumuuzia mtu viatu vya mguu wa kushoto vyote viwili, mtu yule akaondoka anashukuru. Nilipoona kipaji kile kinaozea juani nikamleta kazini kwetu. Alianza kwa kuosha magari uani, akapanda kuuza upande wetu, tukawa tunakula chakula cha mchana pamoja, tunawacheka wateja pamoja. Kisha meneja wa kulia akamsikia akizungumza, akamchukua kwa majaribio. Akimpata mnunuzi mzito, atathibitishwa.

Wakampeleka semina. Alirudi na maneno kama mtu aliyerudi na ugonjwa. Mteja akawa "mgeni". Bei akaanza kuiita "thamani". Na mgeni akiuliza kama magari yao na yetu ni ndugu, jibu ni moja: hayana undugu wowote, kila moja lina nafsi yake.

Jibu hilo alilifanyia mazoezi nyumbani, mbele ya mama.

"Baba," mama alimwuliza, maana kitindamimba wake hajawahi kumwita vingine, "hayo magari yako na ya dada yako si yametoka kiwanda kimoja?"

"Mama, huwezi kulinganisha."

"Silinganishi. Nauliza tu kama ni ndugu."

"Siyo ndugu, mama. Nafsi zao ni tofauti."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Gari lina nafsi! Haya, makubwa. Sasa lini utanipeleka nikakuone huko na suti yako? Nikuone mara moja tu umesimama kazini, nikawaambie wenzangu kwa macho yangu."

"Subiri nithibitishwe kwanza."

Nilijua anasubiri nini. Mimi mwenyewe, tukikutana kwenye korido, alikuwa ameanza kunipa "habari za kazi" kama anayempa mlinzi. Aliniomba nisimwite jina la utotoni mbele ya wageni. Nilimwangalia nikaona kinyaa, kinyaa hasa, kile cha kukuta nywele kwenye uji. Suala nyumbani kwetu halikuwa gari tena. Lilikuwa kama huyu mtoto atakubali, mbele ya watu wake wapya, kwamba ana mama.

Mama alichoka kusubiri. Siku moja asubuhi akavaa gauni lake la kwendea harusi, na ndala, maana miguu ilikuwa imevimba haiingii kiatu. Akatia kwenye mfuko wa nailoni shati la Zulia alilolishonea vifungo. Kutoka barabarani alimwona mwanawe kupitia kioo, akaingia kwa mlango wa upande ule ule alikomwona.

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango mdogo wa wafanyakazi, nikipeleka funguo gereji. Zulia alikuwa na mgeni wake mzito, mkandarasi wa majengo, viatu vimejaa vumbi la saruji juu ya zulia lile, na hakuna aliyethubutu kuviangalia.

"We kijana, niambie ukweli," mkandarasi alikuwa akisema. "Hili na lile la huko ng'ambo ya ukuta, tofauti yake nini? Fundi wangu ananiambia ni ndugu."

"Hapana, mzee. Fundi wako amekosea. Hayana undugu wowote, kila moja lina..."

"Baba!"

Mkandarasi akageuka, akidhani anaitwa yeye. "Unanifahamu, mama?"

"Hapana, mzee wangu," mama akasema, anatabasamu kwa meno yake yote yaliyobaki. "Namwita huyu."

Mkandarasi akamtazama Zulia. Meneja naye, kule mezani kwake, akainua kichwa. Zulia alitazama zile ndala juu ya zulia. Halafu akatabasamu tabasamu la semina.

"Mama huyu amepotea," akasema. "Anatafuta upande wa pili."

Akamshika kiwiko, kwa adabu kabisa, kama wanavyofundishwa kushika wazee, akamleta mpaka kwangu. "Dada, naomba umsaidie mama huyu."

Aliniita dada kama mtu yeyote anavyomwita karani yeyote. Nilifungua mdomo. Mama akanifinya mkono kwa vidole vile vilivyopinda, akanifinya kweli, akageuka kumwelekea mkandarasi na meneja.

"Ni kweli," akasema. "Nimepotea. Samahanini sana."

Nilimkalisha kwenye kiti cha plastiki. "Niache nirudi nikamvue ile suti mbele yao," nikamwambia.

"Usimharibie kazi."

"Mama, amekukana!"

"Nimesikia. Mimi siko kwenye gari lao, masikio yangu yanafanya kazi. Usimharibie kazi."

Baada ya muda mkandarasi alivuka, akaja kuona ya kwetu. Alifungua mlango wa gari letu, akaufunga, ukalia kama mlango wa kabati. Akacheka kidogo. Kisha akamwona mama pale alipokaa, mfuko wa shati mapajani.

"Mama, umempata uliyekuwa unamtafuta?"

"Nimemwona," mama akajibu.

Mkandarasi alimwangalia usoni, paji lile pana, nyusi zile zilizokutana, akageuka kumwangalia Zulia aliyekuwa akimsubiri mlangoni na paji lile lile na nyusi zile zile. Si mjinga. Mtu hawezi kujenga maghorofa akawa mjinga wa kiasi hicho.

Mnadhani alikasirika? Nami nilidhani hivyo. Nilidhani atamtukana Zulia, au walau atanunua gari letu kwa kumtia adabu. Alirudi kulia akanunua lao, jeusi, na akaongezewa kikombe cha maji ya limau. Alipokuja gereji kulichukua nilishindwa kujizuia, nikamwambia kwamba fundi wake alisema kweli, ni ndugu.

"Najua, mwanangu," akanijibu, anavaa miwani. "Silipii gari. Nalipia macho ya wale wasiojua."

Basi tumekwisha, nikasema moyoni. Kama anayedanganywa anajua na bado anataka, muuzaji afanyeje? Na bado sikumsamehe Zulia hata chembe. Uongo wa gari una mnunuzi. Ule mwingine hakuna aliyemwomba.

Alithibitishwa wiki hiyo hiyo. Mama alipata habari kwangu, akamshukuru Mungu kwa sauti, akalikunja lile shati, akaliweka kabatini.

Jumapili Zulia akaja nyumbani, keki mkononi, marashi yametangulia mbele yake. Nilikuwa ndani nakausha vyombo. Alibisha hodi kwa madaha, mama akaenda kumfungulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alisimama katikati ya mlango, mkono kwenye kitasa. "Umepotea."

Kila mtu huambiwa hivyo asipoonekana siku kadhaa, na Zulia alilipokea kama salamu. "Kazi, mama," akasema, anacheka, mguu mmoja tayari kizingitini. "Unajua tena kazi."

Mama hakucheka, wala hakusogea.

"Hapana, kijana," akamwambia, kwa adabu kabisa. "Umepotea. Unamtafuta nani?"