Mwezi Kijana Yangu Alilipwa Akae Nyumbani

Wewe umewahi kuona mtu analipwa akae tu nyumbani, halafu analia juu ya hiyo? Mimi nimeona. Ni kijana yangu, kifungua mimba, alikuwa anaendesha gari ya kuzima moto huko Kitale.

Huyo mtoto alikuwa na kicheko, bana! Akija hapa Tongaren, unasikia kicheko kwanza, yeye mwenyewe bado ako nyuma ya mahindi ya jirani.

Sasa siku moja nyumba ikachomeka Kibomet. Wakazima, na yeye ndiye aliingia akatoa mtoto mdogo. Mtoto alikuwa ameshakufa. Wiki hiyo kijana yangu akakuja nyumbani kimya, na barua kwa mfuko. "Mama, wamenifuta kazi kwa adabu. Ati nipumzike."

Mimi kusoma sijui, shule niliacha darasa la pili. Nikaita mtoto wake msichana, mimi ndio nilikuwa namlea, alikuwa darasa la sita. Akasoma hapo kwa jiko. "Kukhu," hivyo ndio wajukuu huniita, "hawajamfuta! Akae mwezi moja, mshahara iendelee, na kila Alhamisi aende kwa mshauri Kitale."

"Mshauri ni wa wazimu," kijana akasema.

"Na mshahara ya kukaa ni ya wazimu pia? Basi hiyo wazimu naitafuta tangu nizaliwe!"

Msichana akacheka mpaka akashika ukuta. Baba yake hapana.

Si unajua huku kwetu ukizika mtu wako unanyolewa, ndio kifo ikutoke? Nikafikiri, huyu alibeba maiti na hakuna mtu alimnyoa. Nikachukua wembe. Makosa yangu ni kumnyolea karibu na barabara. Kufika saa nne, majirani wamejaa kwa boma, mmoja na sukari, mwingine ameshaanza kulia.

"Pole mama, nani ameenda?"

"Aah, hakuna mtu wetu."

Kijana yangu akainua hiyo kichwa inang'aa. "Ako," akasema. "Ni mtoto ya Kibomet. Alikuwa na sweta ya njano."

Ndio mara ya kwanza alimtaja. Majirani wakakaa chini, wakamlilia mtoto hawajawahi kumuona. Na sukari hawakurudi nayo.

Alhamisi ilipofika akavaa viatu mwenyewe. Nilimsindikiza Kitale, nikakaa kwa benchi nje nikichambua njugu. Alhamisi zote hizo. Akaanza kulala, akaanza kuitisha ugali. Lakini kicheko ilikataa. Mwezi ukaisha akarudi kwa gari yake ya kuzima moto, na mshauri akasema wataendelea kuonana.

Mimi jioni nilikuwa natoka kufungia kuku, halafu nasimama tu, naangalia yale mahindi ya jirani. Nasikiza. Ni upepo.

Shule zilipofungua, msichana akaenda kuishi na baba yake Kitale. Siku ya kuenda, sanduku ako nayo kwa kichwa, akarudi kutoka kwa geti akanishika leso. Wakati huo simu ilikuwa kwa jirani tu, sisi hatukuwa nayo.

"Kukhu, siku baba atacheka ile kicheko yake, sitakuambia. Nitapiga simu kwa jirani wakuite mbio, halafu niweke simu karibu na mdomo yake, usikie mwenyewe."