Jina Nililopewa Mchana Kweupe

Usiniambie ulikuwa uchovu tu. Najua nilikuwa nimechoka, na hicho ndicho kisa chenyewe. Yalinikuta mimi mwenyewe, hapahapa Musoma, nyumbani kwangu Nyasho, mchana kweupe.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa akilia, akaendelea kulia. Hospitali walimpima, wakasema hana tatizo. Baba yake yuko kazini Bunda, nami silali usiku wala mchana. Nilitia chumvi kwenye chai nikainywa yote. Nikaanza kuona ukuta unapumua. Mama mkwe akanipigia simu kutoka Butiama: "Mama, huyo analilia jina. Watoto wa kwetu hawanyamazagi mpaka aje ndotoni marehemu wa ukoo mwenye jina lake. Ukisinzia, msikilize atakayekuja."

Basi siku hiyo nikasinzia, mtoto kifuani. Nikajiona sebuleni, ila mlango umehamia upande wa jikoni, na hapo nikajua kwamba naota. Umewahi kuota huku unajua unaota? Ni raha, niamini. Nje mvua inanyesha. Nikaiambia ikatike, ikakatika. Nikauambia mlango urudi mahali pake, ukarudi.

Ukafunguka. Akaingia bibi mmoja bila hodi, akaketi. Miguu yake ilikuwa mikavu, imejaa vumbi, na sura yake siijui. Nikamwambia atoke. Hakutoka.

"Mvua ni yako, mlango ni wako," akasema. "Mimi si wako."

Niliogopa. Ndoto ni yangu na kila kitu kinanitii. Huyu katokea wapi? Akanitajia jina, akasema mtoto nimwite hilo. Nikazinduka, mtoto analia vilevile. Nikalitamka. Akanyamaza papo hapo. Nikalala hadi jua likazama, na nilipoamka nililia kwa furaha.

Mama mkwe akaja na kuku na unga wa ulezi, uso umemchangamka. Nilipomtajia jina, akaweka kikombe chini.

"Nani kakwambia hilo? Kwetu hatunaga mtu wa jina hilo."

Tukawapigia simu ndugu zangu mimi, huko Manyamanyama. Nao hawamjui. Tukambadilishia mtoto jina, tukampa la mama mkwe mwenyewe. Akalia mpaka sauti ikakauka. Nikalirudisha lile la kwanza, akanyamaza. Padri alimbatiza jina zuri la mtakatifu, lakini haliitikii hata umwite mara ngapi.

Sasa yuko chekechea, mzima, mpole, walimu wanampenda. Jina lenyewe silitaji hapa, usije ukalitamka nawe umechoka.

Mama unayelea, nisikilize: mwachie jirani mtoto, ulale kwanza. Ukikosa usingizi mno, yeyote anaingia ndotoni. Na akija wa kukupa jina, muulize ukoo wake kabla hujafungua mdomo. Mimi sikuuliza. Leo nikimwita binti yangu aliye chumba cha pili, simwendei upesi. Nasubiri kwanza nisikie ni nani ataitika.